Picha ya Motokaa ya Kale: Namna ya Kumhoji Shahidi Asiyesema

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya kikundi cha watu wanaojifunza kutunza picha na karatasi za zamani. Tumeyachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo ambalo kwa kutazamwa upesi laonekana kuwa mchezo wa watu wenye nafasi. Mtu apata picha ya zamani, imefifia pembeni, na ndani yake mna motokaa ya kale. Nyuma yake hapana jina wala tarehe. Naye auliza: Motokaa hii ilitengenezwa na nani, katika nchi gani, na mwaka gani?

Watu wa nchi nyingi hujishughulisha sana na maswali hayo, wala hawafanyi bure. Huko Uingereza kila mwaka, mwezi wa Novemba, motokaa za kale hufanya safari kutoka London mpaka mji wa Brighton ulioko pwani. Safari hiyo ni ukumbusho wa tarehe 14 Novemba 1896, siku ilipoanza kutumika sheria iliyozifungulia motokaa njia baada ya masharti mazito ya zamani. Sharti la kuingia katika safari hiyo ni kwamba motokaa iwe imetengenezwa kabla ya tarehe 1 Januari 1905. Basi motokaa iliyomalizika Desemba 1904 yakubaliwa, na ndugu yake iliyotoka katika kiwanda kile kile majuma machache baadaye yakataliwa. Kipo chama kiitwacho Veteran Car Club of Great Britain, kilichoanzishwa mwaka 1930, na moja ya kazi zake ni kuchunguza magari ya namna hii na kutoa hukumu juu ya umri wake. Hukumu hiyo yaweza kupandisha bei ya gari au kuishusha.

Hata hivyo, bei si jambo lililo kubwa kuliko yote. Kubwa zaidi ni haki ya watu waliotutangulia: nani alifanya kazi ipi, na lini. Kabla sijamaliza nitawaeleza habari za motokaa moja ya mji wa Vienna, katika nchi ya Austria, ambayo tarehe yake iligombaniwa kwa miaka mingi, hata serikali dhalimu ikatia mkono wake katika ugomvi huo. Lakini kwanza yatupasa kujua namna ya kuitazama picha yenyewe.

SHAHIDI NI WENGI, SI MMOJA

Kazi yangu mimi ni kufasiri maandishi. Sheria ya kwanza ya mfasiri ni kwamba asiongeze neno ambalo halimo, wala asiondoe neno lililomo. Mwenye kusoma picha ana sheria hiyo hiyo. Aseme kile ambacho picha yaonyesha, asiseme kile ambacho moyo wake watamani picha ionyeshe.

Picha iliyo mbele yako si shahidi mmoja. Kuna sura iliyoingia katika kamera. Huyo ni shahidi wa kwanza. Kuna karatasi ambayo sura hiyo ilichapwa juu yake. Huyo ni wa pili. Kuna maneno yaliyoandikwa kwa mkono nyuma ya karatasi; huyo ni wa tatu, naye ndiye wa kuhojiwa kwa ukali zaidi. Maneno yale hayakupigwa na kamera. Huenda mjukuu aliyaandika miaka hamsini baadaye kwa kukumbuka alivyosimuliwa na bibi yake jioni. Bibi hakusema uongo, wala mjukuu hakusema uongo, lakini mwaka ulioandikwa hapo waweza kukosewa kwa miaka kumi. Kwa hiyo tarehe iliyo nyuma ya picha huandikwa katika daftari kama maneno ya shahidi mmoja, halafu huwekwa kando mpaka mashahidi wengine wamekwisha kusema.

Pia kuna maswali mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Umri wa picha ni jambo moja, na umri wa motokaa ni jambo jingine. Motokaa iliyotengenezwa mwaka 1903 yaweza kupigwa picha mwaka 1920, ikiwa imebadilishwa taa na matairi mara mbili tatu. Mtu anayesema, “Mavazi ya watu hawa ni ya 1920, basi gari ni la 1920,” amejibu swali ambalo hakuulizwa.

KARATASI NA KIOO

Anza kwa kuigeuza picha. Wapiga picha wengi wa zamani walipiga mhuri wao nyuma ya kadi, jina la duka pamoja na mtaa na mji. Katika miji mikubwa ya Ulaya vilichapwa vitabu vya majina ya wenye maduka mwaka kwa mwaka. Mtafutaji akivifungua ataona mpiga picha fulani alikuwa katika mtaa ule tangu mwaka gani mpaka mwaka gani. Mpaka huo ni imara kuliko kumbukumbu za mtu.

Kisha angalia kama sura imegeuzwa. Siku zile picha nyingi zilipigwa juu ya kioo, na mchapaji akikiweka kioo upande usio wake, kila kitu hugeuka: mkono wa kulia huwa wa kushoto, usukani huhama, na maandishi ya ubao wa duka husomeka kinyumenyume. Tafuta herufi yo yote katika picha kabla hujasema usukani uko upande gani. Pasipokuwa na herufi, tazama vifungo vya koti: koti la mwanamume hufungwa upande wa kushoto juu ya upande wa kulia.

Tena jihadhari na chumba cha mpiga picha. Hapa kwetu tumezoea kuona mtu amesimama mbele ya pazia lililochorwa bustani au bahari, naye hajatoka mjini. Mwanzoni mwa karne ya 20 wapiga picha wa Ulaya na Marekani walikuwa na desturi hiyo pia, tena wengine waliweka chumbani motokaa ya mbao, au hata ubao uliochorwa motokaa, ili wateja waketi na kuwapelekea jamaa zao picha. Motokaa ya namna hiyo haikutengenezwa na kiwanda cho chote. Dalili yake ni kwamba magurudumu hayana unene, na kivuli chake hakilingani na kivuli cha watu.

BARABARA NA NAMBA

Baada ya karatasi, tazama mahali. Namba ya gari ni zawadi kubwa. Katika Uingereza sheria ya mwaka 1903 iliagiza kila motokaa iandikishwe na kuchukua namba kuanzia tarehe 1 Januari 1904, na kila wilaya ikapewa herufi zake. Herufi A peke yake ilikuwa ya London. Basi picha ya barabara ya Uingereza yenye namba hizo haiwezi kuwa ya mwaka 1899, hata kama shangazi ameandika hivyo kwa wino mzuri.

Lakini namba ina mipaka. Yaeleza mahali gari lilipoandikishwa, haielezi mahali lilipotengenezwa. Gari la Kifaransa lililonunuliwa na mwenyeji wa London lilipata namba ya London. Tena gari lililotembea tangu 1898 bila namba lilipata namba mwaka 1904 pamoja na magari mapya. Namba basi ni kama jina la shule katika barua ya mtoto: hutujulisha alikosomea, si alikozaliwa.

Wako wanaodhani kwamba upande wa usukani hutaja nchi. Katika miaka ile ya kwanza haikuwa hivyo. Motokaa nyingi za Ufaransa zilikuwa na usukani upande wa kulia, ingawa Wafaransa waliendesha upande wa kulia wa barabara. Ford ya namna ya T, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1908, iliwekewa usukani upande wa kushoto, na kwa kuwa zilitengenezwa zaidi ya milioni 15 mpaka mwaka 1927, desturi hiyo ilipata nguvu sana.

Hapa napenda kusema neno kwa wenzetu wenye picha za Ford za zamani katika masanduku ya nyumbani. Msikimbilie kuandika kwamba gari hilo lilitoka Marekani. Mwaka 1904 ilianzishwa Kampuni ya Ford ya Kanada, kiwanda chake kikiwa Walkerville katika jimbo la Ontario, ng'ambo ya mto kutoka Detroit, nayo ndiyo iliyopewa haki ya kuuza magari katika nchi za Dola ya Kiingereza, isipokuwa Uingereza yenyewe. Ukiona Ford ya namna ya T yenye usukani wa kulia katika picha ya nchi hizi, jambo la kwanza la kuuliza ni kama lilitoka Kanada.

VIUNGO VYA GARI

Sasa tulikaribie gari lenyewe, na kioo cha kukuzia mkononi. Mzee mfugaji humjua ng'ombe wa jirani yake kwa pembe, kwa nundu na kwa mwendo. Hamtazami alama moja tu. Vivyo hivyo motokaa.

Tuanze na mahali pa injini. Motokaa ya Karl Benz, aliyoipatia hati ya serikali tarehe 29 Januari 1886 katika Ujerumani, ilikuwa na magurudumu matatu, na injini yake ilikuwa nyuma. Magari mengi yaliyofuata yalificha injini nyuma au chini ya viti, hata yakafanana na gari la farasi lililopotelewa na farasi wake. Mwaka 1891 Wafaransa wa Panhard et Levassor waliiweka injini mbele, na mtindo huo ukaja ukawashinda wengine.

Pili, tazama uso wa gari, yaani rejeta, chombo cha kupozea maji ya injini. Mwaka 1901 ilitokea motokaa ya Mercedes, iliyobuniwa na Wilhelm Maybach katika kiwanda cha Daimler huko Cannstatt, kwa agizo la mfanya biashara Emil Jellinek. Jina lilikuwa la binti yake. Rejeta yake ilikuwa na vitundu vidogo vingi kama sega la nyuki, nayo ilisimama mbele kama uso. Viwanda vingi viliiga. Kwa hiyo uso wa namna ile hautoshi kuthibitisha kwamba gari ni Mercedes; wasema tu kwamba gari halikuundwa kabla ya mtindo huo kuenea. Renault wa Ufaransa walifanya kinyume: kwa miaka mingi waliweka rejeta nyuma ya injini, na boneti ikateremka mbele kama mteremko wa paa. Watu huiona boneti hiyo na kulia, “Renault!” Lakini Charron na Clément-Bayard nao walikuwa na boneti ya namna hiyo. Hata uso unaojulikana una ndugu zake.

Ford ya namna ya T yaonyesha jinsi jambo dogo linavyoweza kupima miaka. Mpaka magari ya mfano wa mwaka 1916, rejeta yake ilizungushiwa shaba ya manjano inayong'aa. Kuanzia mfano wa 1917 ilikuwa nyeusi. Katika picha nyeusi na nyeupe tofauti hiyo huonekana wazi, kwa maana shaba hurudisha mwanga na rangi nyeusi huumeza.

Tatu, magurudumu na usukani. Magari mengi ya mwanzo yaliongozwa kwa fimbo, kama mashua. Oldsmobile ya Marekani iliyoanza mwaka 1901, yenye ubao wa mbele uliojikunja kama mkono wa kiti, iliongozwa hivyo. Tairi za kujazwa upepo zilijaribiwa na ndugu wawili Michelin katika mashindano ya kwenda Bordeaux na kurudi Paris mwaka 1895. Kabla ya hapo motokaa zilitembea juu ya chuma au mpira mgumu. Hesabu spoki za kila gurudumu, mbele na nyuma, na misumari iliyofunga kitovu. Viwanda viwili vyaweza kufanana kwa uso na wakaachana kwa idadi ya spoki.

Nne, taa na hendeli. Taa za mafuta zilifuatwa na taa za gesi itokanayo na kabaidi na maji, halafu zikaja taa za umeme. Hendeli ya kuzungushia injini iko mbele, chini ya rejeta. Cadillac ya mfano wa mwaka 1912 ililetwa na mashine ya umeme ya kuiwasha injini, kazi ya Charles Kettering, na wengine wakafuata polepole.

Katika viungo hivi vyote kuna kanuni moja ya kushika: kiungo kipya kuliko vyote ndicho kinachoonyesha picha haikupigwa kabla ya lini, bali viungo vya ndani na visivyobadilishwa kwa urahisi, kama vile fremu na injini, ndivyo vinavyoshuhudia umri wa gari. Taa hubadilishwa kwa saa moja. Fremu haibadilishwi kwa mchezo.

Tena kuna jambo linalowachosha hata mafundi. Siku zile gari moja lilikuwa na baba wengi. Kiwanda kimoja kiliunda fremu, kingine kiliuza injini, na seremala wa mji alijenga bodi kwa kipimo cha mteja. De Dion-Bouton wa Ufaransa waliuza injini zao ndogo kwa viwanda vingi. Motokaa ya kwanza ya Louis Renault ya mwaka 1898 ilitembea kwa injini ya De Dion. Ukiulizwa gari lilitoka wapi, waweza kulazimika kutoa majibu matatu, na yote yakawa kweli.

HABARI ZA MOTOKAA YA VIENNA

Sasa natimiza ahadi yangu. Siegfried Marcus alizaliwa mwaka 1831 katika mji wa Malchin, Ujerumani ya kaskazini, katika jamaa ya Kiyahudi. Alijifunza ufundi, akafanya kazi Berlin kwa Siemens na Halske, na mwaka 1852 akahamia Vienna, akaishi huko mpaka alipofariki mwaka 1898. Alikuwa mtu wa akili nyingi, mwenye hati za uvumbuzi wa vitu vya namna nyingi, hasa mambo ya umeme na ya kuwasha cheche.

Magari yake mawili ndiyo yaliyosumbua watu. La kwanza halipo tena. Picha zake zimetufikia, nazo huhesabiwa kuwa za mwaka 1870. Zaonyesha kitu sahili sana: mkokoteni wa mbao na injini iliyosimamishwa wima juu yake. La pili lipo hata leo katika Jumba la Ufundi la Vienna, zima kabisa, lenye viti, breki na usukani wa mviringo. Kwa miaka mingi vitabu vilisema kwamba gari hili la pili ni la mwaka 1875. Kama ndivyo, lilitangulia gari la Benz kwa miaka 11, na Vienna ndiyo mji motokaa ya petroli ilikozaliwa. Watu wa Vienna walifurahi, nani asiyefurahia sifa ya kwao? Mwaka 1932 wakamjengea Marcus sanamu karibu na Chuo Kikuu cha Ufundi.

Mwaka 1938 Ujerumani ya Hitler iliimeza Austria. Kosa la Marcus mbele ya watawala wapya halikuwa katika gari lake wala katika tarehe zake. Kosa lake lilikuwa uzazi wake. Sanamu iliondolewa. Mwezi wa Julai 1940 wizara ya propaganda huko Berlin iliandikia wachapaji wa vitabu vikubwa vya maarifa ikiwaagiza kwamba tangu hapo wasimtaje Marcus kuwa mwanzilishi wa motokaa, bali wawataje Wajerumani wawili, Gottlieb Daimler na Carl Benz. Fikirini, Mabibi na Mabwana: hakuna aliyekwenda kuipima injini, hakuna aliyelinganisha picha, hakuna aliyefungua hesabu za kiwanda. Jina la mtu lilifutwa kwa barua ya ofisi.

Vita viliisha mwaka 1945, na mwaka 1948 sanamu ilirudishwa mahali pake. Ilikuwa haki. Na baada ya dhuluma ile, wengi waliona kwamba kumheshimu Marcus ni kuushika kwa nguvu ule mwaka 1875. Kuuliza swali kulionekana kama kusimama upande wa waliomfuta.

Lakini gari lenyewe lilikuwa likitoa ushahidi. Injini yake ni ya mipigo minne: pistoni huvuta, hukandamiza, husukumwa na moto, kisha hutoa moshi. Injini ya kwanza ya namna hiyo iliyofanya kazi vema ilikuwa ya Nikolaus Otto, Mjerumani, ya mwaka 1876. Mtu anayesema gari ni la 1875 yampasa aeleze jinsi lilivyobeba injini ambayo ulimwengu ulikuwa haujaiona. Tena ukiziweka picha za mkokoteni wa 1870 kando ya gari la pili, waona kwamba si gari moja lililotengenezwa upya. Katika lile la kwanza magurudumu ya nyuma ndiyo yaliyoendeleza mzunguko wa injini, hata ilibidi yainuliwe kutoka chini ili injini iwashwe. Kati ya magari haya mawili pana maarifa ya miaka mingi. Jina moja la fundi lilikuwa limewafanya watu wavute tarehe ya kitu cha kale na kuibandika juu ya kitu kipya zaidi.

Ndipo karatasi zilipotafutwa. Katika miaka ya 1960 watafiti walionyesha kwamba gari la pili liliundwa mwaka 1888 na 1889 katika kiwanda cha Märky, Bromovsky & Schulz huko Adamov, katika Moravia, nchi ambayo sasa ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Kwa hiyo lilikuja baada ya gari la Benz la 1886, na baada ya gari la magurudumu manne la Daimler la mwaka huo huo. Na tena, wengi waliolitaja kuwa gari la Vienna hawakujua kwamba mikono iliyoliunda ilikuwa ya kiwanda cha mbali.

Je, Marcus amepungukiwa? Mimi nasema hakupungukiwa kitu kilicho chake. Mkokoteni wake wa 1870 umebaki katika picha, nao unaonyesha mtu aliyetia injini ya mafuta juu ya magurudumu miaka 16 kabla ya hati ya Benz, ingawa hakuuendeleza ukawa gari la kuuzwa. Gari lake la pili lina kazi nzuri ya kuwasha cheche na ya kuchanganya mafuta na hewa, kazi ya fundi hodari. Waliomfuta walimwibia. Waliomwongezea miaka 13 walimpa nguo isiyo yake, na nguo ya kuazima haistiri makalio. Siku ya kuvuliwa, watu wakaanza kushuku hata zile zilizokuwa zake kwa haki.

YATUPASAYO SISI

Nimeleta habari hizi za mbali kwa sababu kazi ni ile ile tunayojifunza hapa. Kila mmoja wetu ana picha nyumbani, labda ya lori la kwanza la duka la mjomba, labda ya babu amesimama kando ya motokaa ambayo mwenyewe hakumbukwi tena. Naomba mfanye mambo machache.

Msiikate picha ili iingie katika fremu, kwa maana pembe mnayoitupa huenda ndiyo yenye namba ya gari au ubao wa duka. Msiandike juu ya sura. Nyuma yake andikeni kwa penseli laini, bila kukandamiza. Andikeni majina ya waliomo, mahali, na jina la aliyewaambia. Jambo mlilolishuhudia kwa macho liandikwe hivyo. Jambo mlilosimuliwa liandikwe kwamba ni la kusimuliwa. Mkikisia mwaka, andikeni “yakisiwa,” tena andikeni mlikisia kwa dalili gani, ili atakayekuja aweze kuipima dalili hiyo upya.

Na wazee walio hai waulizwe sasa. Mzee aliyeendesha gari lile atajua hendeli ilikuwa nzito kiasi gani, taa zilitiwa nini, na vyuma vyake viliagizwa kutoka wapi. Hayo hayamo katika picha. Akifa, fundi wa kesho atabaki na spoki za kuhesabu tu.

Pia mtu akija kwenu na picha, akataka kusikia kwamba gari la babu yake lilikuwa la kwanza katika wilaya, msimkatae kwa dharau, wala msimkubalie kwa adabu. Mwulizeni kwa upole mnayoyauliza yote. Huenda likawa la kwanza kweli, na hapo atakuwa na neno ambalo hakuna atakayeweza kumnyang'anya. Na likiwa la tatu, babu yake bado alikuwa na gari, alilitunza, na alipenda lipigwe picha. Hilo nalo ni historia, nalo ni la kweli.

Nimeambiwa kwamba baadhi yenu mmekuja na picha zenu leo, na kioo cha kukuzia kipo hapa mezani. Karibuni tuzitazame pamoja.